Kuhama kwa Bibi

Karakana ile ilitengeneza miguu ya bandia. Mikono pia, lakini miguu ndiyo iliyokuwa mingi. Vipimo vilitoka hospitali na zahanati za mbali: mtu anapimwa huko huko aliko, kigutu chake kinapigwa picha mbele na ubavuni, halafu vyote vinatumwa kwa barua pepe. Mafundi wakishavipata ndipo wanapoanza kukoroga plasta. Bila barua pepe, karakana nzima ilikuwa kama fundi cherehani aliyepoteza futi.

Barua zote hizo, za miaka nenda miaka rudi, zilikaa ndani ya seva moja kwenye chumba kidogo nyuma ya stoo ya plasta. Vumbi jeupe lilipenya humo hata mlango ukifungwa. Seva yenyewe ilikuwa imezeeka, inaunguruma na kukohoa, na wafanyakazi wakaipa jina la Bibi. Mtu barua yake ikikwama utamsikia: "Bibi leo kaamkia upande mbaya." Na mwanamke aliyemtunza Bibi, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, walimwita Mama Seva. Watoto alikuwa nao, wala hakuna hata mmoja aliyeitwa Seva, lakini jina likishaganda limeganda.

Asubuhi moja Bibi aligoma. Mama Seva alifungua mfuniko, akapuliza vumbi, akachomoa nyaya na kuzirudisha, akambembeleza kwa maneno ambayo hangependa mtu ayasikie. Nje, kwenye benchi la mapokezi, watu waliokuja kujaribisha miguu walikaa wakisubiri vipimo ambavyo hakuna aliyeweza kuvifungua. Bibi alipowaka tena, jua lilikuwa limeshavuka utosi. Mkurugenzi, mama mmoja mwenye sauti ya chini ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, siku hiyo alifika mbio.

"Amefufuka?"

"Amefufuka, Mama. Ila sijui atakaa nasi mpaka lini."

"Basi tuhame kabla hajatuzika."

Nyumba mpya ilikuwepo tayari. Karakana ilishajiunga na huduma ya barua ya mtandaoni, na kila mfanyakazi alishatengewa sanduku lake huko, tupu. Kilichobaki ni kuzihamisha barua zenyewe, maelfu kwa maelfu, na kazi hiyo mtu haifanyi kwa mkono. Inahitaji programu maalumu ya kuhamisha. Ziko nyingi sokoni, na kila moja inajiita bora kuliko mwenzake.

"Wewe ndiye unayejua mambo haya," Mkurugenzi alisema. "Tutafutie mbebaji asiyevunja vikombe. Utakayemtaja, huyo huyo."

Mama Seva alikubali kwa kichwa.

Habari haikai gerezani. Jumapili ile, wakiwa mezani nyumbani, mumewe alitaja kwamba karakana inahama, na mdogo wake aliyekuwa amekuja kula nao akaweka kijiko chini.

Huyu shemeji alikuwa amehangaika bila kazi kwa muda mrefu, mpaka watu wakaacha kumuuliza. Sasa alikuwa amepata, na kazi yenyewe, kama bahati ama kama balaa, ilikuwa kuuza programu. Miongoni mwa alizouza, mojawapo ilikuwa ya kuhamisha barua pepe.

"Shemeji," alisema, "tunayo hiyo kitu sisi. Inahamisha kampuni nzima kabla hujamaliza chai."

Mama mkwe alipiga makofi. Alikuwa akiishi nao tangu alipofiwa, na kazi ya mtoto wake huyu wa mwisho alikuwa ameiombea dua asubuhi na jioni. "Si mnaona Mungu anavyopanga? Mwenye shida yuko humu, mwenye dawa yuko humu. Damu nzito kuliko maji."

"Ni kweli, Mama," Mama Seva alisema taratibu. "Nitaijaribu pamoja na nyingine, nione."

"Kumjaribu? Ndugu naye anajaribiwa?"

"Hapimwi yeye, Mama. Inapimwa programu."

Mama mkwe alicheka, akamwongezea shemeji chakula. Yeye aliona neno limekwisha. Tangu siku hiyo, kila jirani aliyepita langoni alielezwa jinsi mwanawe anavyokwenda kuiokoa karakana ya mke wa kaka yake. Mama Seva alisikia akiwa anaanika nguo, akarudia kulikamua shati lililokwisha kukamuliwa.

Kazini alianza na programu tatu. Ya kwanza aliitupa upesi. Alikuwa amewaandikia wenyewe swali dogo, kwamba barua ikishindwa kuhama nitajuaje, wakamrudishia tangazo lenye picha ya watu wanaocheka mbele ya kompyuta. Akauliza tena, wakamletea tangazo lile lile. Mtu asiyekujibu kabla hajapata kazi yako, akishaipata atakujibu?

Zikabaki mbili. Ya shemeji ilipendeza macho, rangi zake za bahari na anga, vitufe vyake mviringo. Ile nyingine ilikuwa na sura ya fomu ya kuombea kitambulisho. Maandishi meusi, kijivu pembeni, basi.

Kuzipima, alitaka sanduku la barua lililo bovu kuliko yote. Sanduku safi mtu yeyote atalihamisha. Mbebaji hupimwa kwa kabati lisilo na miguu. Hakuhitaji kutafuta mbali. Alikwenda kwa Fundi Mkuu, bingwa wa miguu, mwanamume mnene mwenye plasta kwenye nyusi, ambaye tangu aajiriwe hakuwahi kufuta barua hata moja. Alikuwa na folda ndani ya folda ndani ya folda, na majina aliyozipa aliyajua yeye peke yake: "Goti/kushoto/yule wa pikipiki?" na "Huyu analia!!" na "Uliza tena."

"Niruhusu nichukue nakala ya sanduku lako nifanyie majaribio," Mama Seva alimwomba.

"Chukua. Humo hamna siri, mna magoti tu."

Programu ya shemeji ilikimbia kweli. Mama Seva hakuwahi hata kuinuka kwenye kiti, akaona alama ya kijani na neno kubwa: Imefanikiwa. Aliwaza, Mungu wangu, kumbe nitatoka humu salama, Mama atafurahi, shemeji atafurahi, nami nitalala. Akamwita Fundi Mkuu aje ajionee.

Fundi Mkuu alivuta kiti, akajipangusa mikono kwenye aproni. Alitafuta vipimo vya mwalimu mmoja wa shule aliyekuwa akisubiri mguu mpya. Mwalimu huyo alishapimwa zaidi ya mara moja, kwa sababu kigutu hubadilika; mtu akinenepa nacho kinanenepa, akikonda kinakonda. Fundi Mkuu akaangalia kioo, akasogea, akarudi nyuma.

"Mama Seva."

"Naam."

"Mbona huyu mwalimu kapimwa mara zote hizi leo?"

Mama Seva alivaa miwani. Kweli. Kila barua, ya mwaka huu na ya zamani, ilikuwa imegongwa tarehe ya siku ile ile. Programu ilizibeba barua lakini tarehe zake ilizimwaga njiani. Vipimo vipya na vya kale vilikaa pamoja kama mapacha, na hakuna aliyeweza kusema kipi ni kipi.

"Nikimtengenezea kwa hivi vya zamani," Fundi Mkuu alisema, "mguu utamla nyama. Na 'Yule wa pikipiki' yuko wapi?"

Yule wa pikipiki hakuwepo. Folda zenye mistari na viulizo kwenye majina zilikuwa zimevunjika vipande, na vingine havikufika kabisa. Juu ya yote hayo, ile alama ya kijani ilikuwa bado inang'aa: Imefanikiwa.

Ile programu yenye sura ya fomu ilitambaa kama kobe. Aliiwasha, akaenda kula, akarudi, akafanya kazi nyingine, bado inatambaa. Lakini ilipomaliza, tarehe zilikuwa zake, picha zilikuwa mahali pake, na yule wa pikipiki alikuwa amekaa kwenye folda yake na kiulizo chake. Barua zilizoishinda iliziorodhesha moja moja na sababu: hii imezidi ukubwa, hii ilishaharibika tangu huko ilikotoka. Haikujisifu. Iliungama.

Mama Seva aliegemea kiti akashusha pumzi ndefu. Angalau amejua mapema, kabla ya mguu wa mtu kuharibika. Kisha akamkumbuka mama mkwe langoni na majirani zake, ile pumzi ikamrudi.

"Mwambie wewe ndugu yako," alimwambia mumewe walipokuwa wanakunja nguo chumbani.

"Mimi? Nikimwambia mimi atasema namwonea tangu utotoni. Wewe ni shemeji yake, kwako atajizuia."

"Na Mama?"

Mume alijikuna kisogo. "Kwa Mama, sote tutahitaji pa kujificha."

Kesho yake alimwita shemeji ofisini. Alikuja na shati lililonyooshwa na mkoba mpya, amejaa tabasamu, na tabasamu lile lilimuumiza Mama Seva kuliko angekuja amenuna. Hakumzungusha. Alimkalisha mbele ya kioo, akamwonyesha kwanza barua zilivyokuwa kwa Bibi, kisha zilivyofika kwa programu yake, tarehe kwa tarehe, folda kwa folda. Akamweleza habari ya mwalimu na mguu ungeweza kumfanya nini.

"Shemeji, ningetaka sana iwe yenu," alimalizia. "Nimeshindwa. Naomba usinichukulie vibaya."

Shemeji alimtazama yule mwalimu aliyepimwa mara zote kwa siku moja. Mama Seva alisikia mashine ya kunolea ikilia kule karakana. Kisha shemeji alifanya jambo ambalo hakulitegemea. Alilegeza tai, akafunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kumtikisika. Ilimchukua Mama Seva muda kutambua kwamba anacheka.

"Shemeji, asante," alisema. "Wallahi asante. Nilikuwa naomba usiichague."

"Unasema nini wewe?"

"Kuna mteja mmoja alilalamikia tarehe. Nikauliza kazini, nikaambiwa yeye ndiye aliyekosea mpangilio. Sikuridhika, lakini mimi mgeni pale, nitabishana na nani? Nikawa kila siku nawaza: karakana yote ya miguu ya watu, na aliyeipeleka huko ni mimi. Ikiharibika, nyumbani nitaingilia mlango upi?"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Mama alishatangaza mtaa mzima!"

Hapo Mama Seva naye akashindwa. Walicheka mpaka Fundi Mkuu akachungulia kuona kuna nini. Walipotulia, shemeji alimwomba nakala ya yote aliyoyaona, ili awapelekee wahandisi wao. Safari hii hatakwenda na manung'uniko ya mteja wa mbali, atakwenda na ushahidi mkononi.

"Na Mama?" Mama Seva aliuliza.

"Mama niachie mimi. Nipe siku kidogo tu, nipange maneno."

"Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," Mama Seva alimtania akimsindikiza.

"Ndiyo maana viatu vyangu vimeisha upande," shemeji akajibu.

Kwa hiyo kobe akaajiriwa. Mama Seva alipanga kazi kwa hatua. Kwanza barua zote za zamani zingenakiliwa polepole huku watu wakiendelea na kazi zao kwa Bibi kama kawaida. Zikiisha, programu ingepita mara ya pili kuokota zile mpya tu zilizoingia katikati. Mwisho kabisa angegeuza kibao, maana kila kampuni inacho kibao chake mtandaoni kinachoziambia barua ziende wapi. Hilo alilipangia Jumamosi, karakana ikiwa imefungwa. Sanduku la Fundi Mkuu na yale yanayopokea vipimo aliyatanguliza, mapokezi akayaweka mwisho.

Siku zikapita salama, sanduku baada ya sanduku. Jumatano usiku barua za zamani zikaisha kuhama, za mapokezi zikiwa za mwisho. Alhamisi asubuhi alianzisha mpito wa pili, kwa tahadhari tu, akaenda kuchukua chai. Hajaimimina, akasikia mlio kama wa sufuria iliyoanguka, kisha ngurumo ile ambayo watu walikuwa wameizoea kama mapigo ya mioyo yao ikakatika. Ukimya ulienea hadi mapokezi. Alipofungua mlango wa kile chumba alipokewa na harufu ya waya ulioungua.

Mkurugenzi alifika, na nyuma yake karibu kila mtu. Hakuna aliyeuliza kama Bibi atafufuka. Walimwona Mama Seva akichomoa waya wa umeme ukutani, wakaelewa.

"Tumepoteza nini?" Mkurugenzi aliuliza kwa ile sauti yake ya chini.

"Nipeni dakika, Mama. Sijui bado."

Alirudi mezani. Walimfuata wakasimama nyuma ya kiti chake, na alihisi pumzi zao shingoni. Akafungua ile programu yenye sura ya fomu. Ilikuwa imeandika, kwa maandishi yake meusi yasiyo na madoido, mahali ilipofika na mahali ilipokatishwa. Alisoma kwa kidole, kama mtoto anayejifunza kusoma. Barua za zamani: zote zimehama, masanduku yote. Mpito wa pili: vipimo, zimehama. Fundi Mkuu, zimehama. Mhasibu, Mkurugenzi, zimehama. Mapokezi: haijakamilika.

Alisoma tena tangu juu, asije akawa anaota.

"Mama," alisema. "Vipimo vyote vipo. Vyote. Tumepoteza barua chache tu za mapokezi, za asubuhi hii."

Mtu alisema alhamdulillahi, mwingine akasema Bwana asifiwe, na mhasibu akakaa sakafuni na suti yake.

"Na zinazotumwa sasa hivi?" Mkurugenzi aliuliza. "Bibi hayupo kuzipokea."

"Zikigonga mlango zikakuta kimya, hazifi. Seva ya aliyetuma itazishika, ijaribu tena baadaye. Nisubiri Jumamosi ya nini? Nageuza kibao sasa hivi."

Akakigeuza. Halafu ikabaki kungoja, na kungoja huko hakuna programu ya kukufupishia. Kibao kipya huchukua muda kujulikana. Hakuna aliyeondoka. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyekwenda kuimimina ile chai iliyosahaulika, akamletea.

Barua ya kwanza kudondoka kwenye nyumba mpya ilitoka zahanati moja ya mbali. Mama Seva aliifungua, akaisoma kwa sauti: "Ninyi watu wa miguu, mbona barua zetu hamjibu? Mmekimbia?"

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwafanya wagonjwa wa benchini wasimame, wale walioweza kusimama, kuja kutazama. Miongoni mwao alikuwapo mama mmoja muuza vitambaa, aliyefika toka asubuhi kwa ajili ya mguu wake na kuambiwa asubiri kidogo. Fundi Mkuu alikaa kwenye kompyuta ya pembeni, akaingia sanduku lake jipya, akaandika jina la zahanati alikopimwa mama huyo. Vipimo vikaja, na picha, na tarehe ya kweli.

"Mama, njoo ndani," alimwita. "Leo tunaanza."

Watumaji wa zile barua chache za mapokezi walikuwa kwenye orodha ya programu, na Mama Seva aliwafuatilia kwa simu yake. Watu walizituma upya bila kinyongo. Mojawapo, kwa bahati mbaya, ilikuwa tangazo la mapazia, na mwenye mapazia alifurahi mno kuulizwa, sasa haachi kumpigia.

Mkurugenzi alimwamuru Mama Seva aende nyumbani akapumzike, jua lingali kali. Alifika akamkuta mama mkwe sebuleni anachambua mboga za majani. Alimsalimu, akaketi kwenye kochi na viatu miguuni, akajiandaa.

"Mwanao kanipigia simu," mama mkwe alisema, macho kwenye ungo. Kila alipokuwa na neno na huyo mtoto wake wa mwisho, alimwita mwana wa mtu mwingine. "Nimesikia hukuchukua hiyo programu yake."

"Ndiyo, Mama. Sikuweza."

Mama mkwe alitupa bua moja, akachukua jingine. "Afadhali."

Mama Seva alidhani hakusikia vizuri.

"Nilikuwa nasema pale langoni, mdomo ukishaanza hausimami," mama mkwe aliendelea. "Lakini nikija kulala nawaza. Hiyo mashine ikiharibika, huyu atamchukia yule, yule atamkimbia huyu, na mimi nitakula na nani? Sikuwa na pa kusemea. Hata kwa majirani, ningeanzia wapi?" Akacheka peke yake. "Kanieleza umemsaidia na kule kazini kwao. Kasema bosi wake kamwita ndani, kamsikiliza, hiyo tarehe wanaitengeneza. Sasa vua viatu, mwanangu, kochi hilo."

Mama Seva alivua viatu. Alitaka kusema kitu, kwamba kumbe walikuwa wanaogopa jambo moja watu watatu chini ya paa moja, kila mmoja kwenye kona yake. Lakini kichwa kilishagusa mto. Alisikia kwa mbali simu yake ikiita mkobani, na hatua za kandambili zikiiendea.

"Halo? Hapana, mimi mkwewe," mama mkwe alikuwa akinong'ona. "Amelala. Hayo mapazia ongea na wengine."